Jina Lililokuwa na Mwenyewe

Kazi yangu ni kuandika majina ya watu. Nina kibanda cha steshenari Nyakato, hapa Musoma: kompyuta moja, printa moja yenye kiburi, na mashine ya fotokopi ambayo ikiona foleni tu inakwama. Kutwa nzima nachapa majina. Kadi za harusi, orodha za darasa la kwanza, barua za kuomba kazi, shukrani za familia baada ya msiba. Mwaka wa kwanza haukuisha kabla sijagundua kwamba watu wa mji wetu wana majina machache mno wanayopokezana. Mwalimu ananiletea orodha ya wanafunzi wake, nachapa jina moja, nalinakili, nalibandika chini, nalibandika tena, nabadilisha la baba tu, kazi imekwisha. Yeye anashangaa nilivyo mwepesi.

Na mimi mwenyewe ni majeruhi wa jambo hilo. Shule ya msingi kule Bunda tulikuwa wanne darasani wenye jina moja, na mwalimu wa hesabu, mtu asiyependa kupoteza muda, akatugawia namba. Namba Moja alikuwa na akili. Namba Mbili alikuwa na sura. Namba Nne alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu. Mimi nilikuwa Namba Tatu mpaka nikamaliza darasa la saba, na hata leo nikishuka Bunda kuna muuza nyanya mmoja sokoni ananiita hivyo, tena kwa sauti ya kupasua soko. Niliapa tangu utotoni kwamba mtoto wangu hatapewa namba.

Kwa hiyo naomba nieleweke. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka jina la peke yake, basi. Nikampa mwanangu jina la mtu ambaye mama yake alikuwa bado anamsubiri arudi nyumbani.

Jina lenyewe sitaliandika hapa, wala la mtu mwingine yeyote. Nimeandika majina ya kutosha.

Mimba ilipoanza kuonekana, kila aliyepita kibandani aliniachia jina. Mama anayeuza sato na dagaa mlango wa pili alitaka mtume. Fundi cherehani alitaka mchezaji wa mpira. Nilikuwa na daftari dogo chini ya meza, humo naorodhesha majina niliyoyapenda, na kila mteja akija na jina lililomo daftarini, nalifuta. Siku moja nilipewa kazi ya kadi za mwaliko, nikaanza kuchapa jina la bwana harusi, nikakuta ndilo lile lililokuwa juu kabisa kwenye orodha yangu. Nilitoa daftari nikalifuta jina hilo kwa hasira mbele yake. Maskini yule kaka amesimama hapo na flashi yake mkononi, hajui kosa lake ni nini.

Mama yangu alipiga simu kutoka Bunda akataka nimpe mtoto jina la baba yangu. Nikamwambia jina la baba nalipenda, lakini nimelichapa wiki ile ile mara tatu, na watatu wote wanaishi mtaa mmoja, Kamunyonge.

"Basi mpe namba," mama akasema, akakata simu.

Mume wangu ndiye aliyekuwa mpole kuliko wote. Ni fundi wa injini za boti, karakana yake iko Makoko, na kwa kuwa anashinda na vyuma vinavyonguruma, akirudi nyumbani hapendi maneno mengi. Alisema, "Lolote utakalolipenda, mimi nitaliita." Aliongeza kitu kimoja tu: kwao Butiama mtoto wa kiume huitwa kwa jina la waliotangulia. Nilimjibu sawa. Sikuuliza lolote zaidi, na hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Mwezi wa saba wa mimba tulikwenda Butiama kumsalimia mama mkwe. Anaishi peke yake kwenye mteremko wenye mawe makubwa, baba mkwe alishafariki, na mabinti zake wameolewa mbali. Hewa ya kule ni ya baridi ukilinganisha na joto letu la ziwani, na mimi mwenye tumbo nililala usingizi wa ajabu. Kwa ajili ya tumbo hilo hilo alinipa chumba ambacho sikuwahi kulala, kidogo, cha ndani, chenye kitanda kizuri kuliko chake. Chini ya dirisha palikuwa na sanduku la bati lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Asubuhi nilifunua kitambaa nipate pa kuweka mkoba wangu, nikaona jina limeandikwa kwenye mfuniko kwa rangi nyeupe, kwa mkono, herufi kubwa kubwa, ya mwisho imekosa nafasi imebanwa juu pembeni.

Nililisoma taratibu, midomo ikicheza. Mimi niliyechapa majina ya nusu ya mkoa sikuwahi kulichapa hilo hata mara moja. Lilikuwa la kwao, la lugha ya nyumbani, fupi, lenye uzito wake mdomoni. Nikalisema tena, mtoto akanipiga teke. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Bati lilikuwa na kutu, na kutu ndiyo iliyonidanganya. Nilijiambia hili ni sanduku la babu mzaa baba wa mume wangu. Nikamtungia na maisha kabisa: alikwenda kufanya kazi za mbali ujanani, akarudi na sanduku. Marehemu wa siku nyingi, jina safi, sheria ya kwao nimeifuata, na mjini hakuna mwingine. Ningeuliza swali moja tu, tena mama mkwe alikuwa hapo nje anakamua ng'ombe. Lakini nilitaka iwe zawadi. Nilitaka kumwona anavyoshtuka kwa furaha kusikia mkwe aliyetoka Bunda analijua jina la ukoo wao. Mtu mwenye sifa hasikii la mtu, na mimi sifa ninazo.

Hapa lazima niseme habari za shemeji yangu. Kabla hatujaoana, mume wangu aliniambia ana kaka yake mkubwa ambaye alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu akiwa kijana. Mwaka wa kwanza alikuwa akipiga simu kwa kuazima za wenzake, mwaka wa pili akapiga mara moja, halafu kimya. Ndugu walikwenda kumtafuta mara mbili. Walirudi na vumbi tu. Nyumbani wanamwita Mkubwa. Mkubwa alipendaga viazi, Mkubwa alikuwa fundi wa kupanda mawe. Kuna mpaka ng'ombe wa Mkubwa, ambao mama mkwe hakubali wauzwe kwa sababu ni wa mahari ya mke wake atakaporudi. Nilikuwa nimeishi na neno hilo miaka mitatu na halikuwahi kunipa shida. Haikunijia kabisa kwamba Mkubwa naye alikuwa na jina, na kwamba palikuwa na sababu ya watu wote wa nyumba ile kutolitaja.

Mwanangu alizaliwa asubuhi, mzima, mwenye sauti ya mnada. Siku ya nne baba yake akaitwa visiwani, boti za watu zimekufa injini zikifuatana, akakaa huko wiki kadhaa. Mimi nikaenda kumwandikisha mtoto kituo cha afya. Dada wa pale alikuwa anajaza cheti kwa mkono, mwandiko wake mzuri, akaniuliza jina, nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi asije akakosea.

"Hili sijawahigi kuliandika," akasema.

Sijui kama kuna maneno matamu kuliko hayo niliyowahi kuambiwa. Nilitoka pale natembea kwa madaha, na mshono wangu unauma. Nilimpigia mume wangu, mtandao unakatika katika, nikamwambia nimeshamwandikisha, jina atalisikia Butiama, siku moja na mama yake. Alicheka. "Haya, mama, umeshinda," akasema, na nadhani alifurahi kwa sababu alijua nimefurahi.

Aliporudi tukaenda. Mtoto alikuwa na wiki saba. Mama mkwe alitupokea tangu njiani kwa vigelegele, na akina mama wawili majirani walikuwa wameshakaa kusubiri chai. Alinawa mikono, akajipangusa kwa khanga, akampokea mjukuu wake.

"Mume wangu amekuja!" akasema. "Mtanitambua sasa. Na mimi nina bwana." Majirani wakacheka, mmoja akamwambia bwana mwenyewe hana hata jino. Akambusu kichwani, akamnusa shingo, akamgeuza geuza kumtazama masikio. Halafu akaniangalia. "Jina yake nani huyu bwana wangu?"

Nilisimama. Sikuwa na sababu ya kusimama, lakini nilikuwa nimeisubiri saa hiyo kwa miezi. Nikalitaja nikiwa nacheka, kwa sauti ya kusikika mpaka zizini.

Jirani mmoja aliweka kikombe chini. Mume wangu, aliyekuwa anamega muhogo, aliacha mkono juu ya sahani. Mama mkwe hakupiga kelele wala hakumwangusha mtoto. Alimfunika vizuri miguu, akanirudishia taratibu, akahakikisha nimemshika. Kisha akasema, "Chai itapoa," akaingia ndani akafunga mlango. Majirani wakaondoka bila kuaga.

Mume wangu alinichukua mpaka nyuma ya zizi.

"Hiyo jina umeitoa wapi?"

"Kwenye sanduku."

"Sanduku la nani?"

"La babu yenu."

"La Mkubwa," akasema. "Alienda nalo sekondari."

Halafu akanieleza, yeye asiyependa maneno, na alieleza yote. Kwao jina linashuka kwa mtoto pale tu mwenye jina akishazikwa. Ukimpa mtoto jina la mtu, umesema mtu huyo hayupo tena duniani. Na wazee wa ukoo walishakuja mara mbili kwa mama, wakitaka wafanye msiba, wazike kitu badala ya mwili, mambo yaishe, watu wapumue. Mara ya kwanza mama aliwasikiliza akawanyima chai. Mara ya pili aliwatoa na fimbo. Tangu hapo hakuna aliyethubutu, na yeye mwenyewe akaacha kulitaja jina, na nyumba nzima ikaacha pamoja naye.

"Sasa wewe umekuja umelitangaza mbele ya majirani," akasema. "Tena umesimama."

Nilikasirika. Nasema ukweli, kabla ya kuona haya nilikasirika. Miaka mitatu nimo kwenye ukoo huu, napika, nafua, nazaa, na hakuna mtu aliyenong'oneza hata herufi ya kwanza ya jina la shemeji yangu! Nilimwambia mume wangu hayo yote pale pale, na ng'ombe wananitazama. Nilipomaliza akanishika bega, na hapo ndipo haya ikanishukia, ikakaa. Mama mkwe hakutoka ndani mpaka tunaondoka. Tulimuaga kupitia mlango uliofungwa, akatuitikia tufike salama.

Miezi iliyofuata mwanangu aliishi bila jina. Cheti kilikuwa kabatini, sikupenda hata kukigusa. Tulimwita baba, tukamwita mdogo, majirani wa Nyakato wakamwita Steshenari. Ubatizo tuliuahirisha, mchungaji akiuliza tunasema mtoto ana mafua. Mama mkwe alikuwa anapiga simu kwa mume wangu kila Jumapili kama kawaida, anauliza mvua, anauliza kazi, anauliza, "Mtoto anaendeleaje?" Hakuomba kusema na mimi. Zamani tulikuwa tunaongea mpaka salio lake linaisha.

Nilikuwa naumia. Huyu mwanamke alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, mimi na midomo yangu, na mimi nimekwenda kwake na mtoto mikononi nikamwambia mwanawe amekufa, huku nacheka. Kazini nilianza kukosea. Kila nikiletewa tangazo la msiba nilichapa jina la marehemu herufi moja moja, na nikimaliza nalisoma tena, naogopa.

Nilikwenda Bunda kwa mama yangu nimweleze. Alikuwa anachagua mbegu kwenye ungo, hakuacha kuchagua.

"Kwetu hilo si kosa," akasema. "Kwetu jina wanapewaga la mtu yuko hai anatembea. Mdogo wako si ana jina la mjomba wako? Na mjomba si yupo?"

"Yupo, mama. Lakini mimi sijaolewa kwetu."

Hapo akaniangalia. "Basi nenda ukamwone. Usimtume mume wako, usipige simu. Nenda na miguu yako."

Kabla ya kwenda nilitaka niwe na kitu mkononi. Niliuliza ofisi ya vizazi namna ya kubadili jina la mtoto, wakaniambia pawe na kiapo cha wakili. Maneno ya kiapo niliyachapa mwenyewe kibandani, kazi kama kazi nyingine: mimi fulani, mama mzazi wa fulani, naapa kwamba tangu leo mwanangu ataitwa. Pale mbele ya neno hilo niliacha nafasi, nikachukua daftari langu. Majina yalibaki machache ambayo sikuyafuta. Nilimweka mtoto juu ya meza ya fotokopi nikaanza kumwita moja baada ya jingine. Aliangalia feni. Nikazima kompyuta. Niliona jambo la heshima ni moja tu, nafasi ile aijaze mama mkwe mwenyewe.

Mtoto alikuwa na miezi minane nilipopanda naye mteremko ule wa Butiama, mgongoni, mzito kama gunia la mahindi mabichi. Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba, anaanika muhogo juu ya mwamba mpana. Hakuwa amejua tunakuja. Nilimsalimu, akaitikia. Nikapiga magoti hapo hapo.

"Inuka," akasema. "Jiwe lina moto hilo."

Sikuinuka. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha, sikujua, ningejua nisingethubutu. Nikatoa karatasi, nikamweleza imeandikwa nini, nikamwonyesha pale palipo wazi. Nikamwambia jina lolote atakalolisema ndilo litakaloingia hapo, hata kama ni la mjini kwetu la watu mia.

Alifuta mikono, akaichukua karatasi, akaitazama kwa muda. Kusoma anajua. Akaikunja vizuri kufuata mikunjo yangu, akanirudishia.

"Mlete huyo," akasema.

Nilimfungua mtoto, akampakata. Mtoto akashika kipande cha muhogo mkavu, akakitia mdomoni, bibi yake akakitoa, akakishika tena. Wakaendelea na mchezo huo. Nilikaa pembeni yao kwenye kivuli cha ukuta, magoti yananiungua kweli.

"Siku ile nililia," akasema. "Nililia mpaka giza. Wale wamama walienda wakasema nalia kwa sababu mkwe wangu amemzika mwanangu."

"Ndivyo nilivyofanya, mama."

"Ngoja niseme. Watu wakilitajaga hiyo jina kwangu, wanalitajaga hivi." Akainamisha kichwa, akashusha sauti, uso wa mtu aliyeingia msibani. "Pole mama, vipi, hamjasikia habari za fulani? Wote. Mpaka baba yake, mpaka siku anakufa, alilitajaga hivyo. Nikaona afadhali lisitajwe. Nikawakataza." Akamtoa mtoto muhogo mdomoni. "Wewe ulisimama, ukalisema unacheka. Nilikuwaga nimeshasahau linasikikaje mtu akilisema na meno yake nje. Ndiyo iliniliza."

Nilianza kulia mimi sasa. Hakunibembeleza, aliniacha nilie. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Lakini sijamzika," akasema. "Uelewe. Sijakubali."

"Ndiyo, mama."

"Ukoo watasema nimekubali. Watakuja hapa na maneno yao."

Ndipo nilipokumbuka maneno ya mama yangu na ungo wake, nikayasema bila kupanga. Nikamwambia kwetu Bunda mtoto anaweza kupewa jina la mtu aliye hai, na si mkosi, ni heshima. Nikamweleza habari za mdogo wangu na mjomba, kwamba mpaka leo mjomba huja kila Krismasi kukagua kama jina lake linatunzwa.

Ng'ombe mmoja alilia zizini.

"Aliye hai kabisa?"

"Kabisa."

"Na mwenye jina anatoaga nini?"

"Mbuzi. Akimwona mtoto mara ya kwanza anatoa mbuzi."

"Mbuzi." Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimefika akatabasamu. "Akija atatoa ng'ombe. Wake hao hapo wamejaa. Basi huyu amepewa kwa sheria ya kwenu. Wakija wazee nitawaambia waende Bunda wakaulize."

Nilimuuliza basi niifanyeje ile karatasi. Alisema nikawashie jiko, na hakuwa anatania.

Nilidhani tumemaliza. Nilisimama nimsaidie kugeuza muhogo, na mtoto akatoka mapajani mwake akaanza kutambaa juu ya mwamba, kwa kasi yake ile, moja kwa moja kwenye ukingo ambako jiwe linashuka. Nilikuwa mbali kidogo nao. Mama mkwe alifungua mdomo kumwita, nikaona kabisa hakuwa na neno la kumwita nalo. Midomo ilijaribu. Alikohoa. Kisha akaita lile jina.

Lilitoka kubwa kuliko alivyotaka, sauti ya mama anayemwita mtoto aliyekwenda kucheza mbali, likapiga kwenye mawe upande wa pili. Mtoto akasimama hapo hapo kwa magoti yake, akageuza kichwa, akamtazama. Sijui kama alilijua jina, huenda ni kelele tu. Lakini alimtazama yeye.

Mama mkwe alikuwa ameshika kifua. Alikuwa anasubiri, na nilielewa anasubiri nini, kwa sababu jina likiitwa lazima liitikiwe, na yeye alishaita sana akaishia kunyamaza. Mtoto wa miezi minane hajui kuitika. Nikafanya anavyofanya mama yeyote mwenye mtoto asiyesema.

"Naam, mama," nikaitika.

Alinigeukia, macho yamejaa. Akaita tena, safari hii taratibu.

"Naam, mama."

Akaita tena.